Tulivyoishitaki Klabu Yetu

Watani wetu wana mzaha wao wa siku nyingi, kwamba Mpare akiibiwa kuku atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda kortini. Nimeusikia Tanga, nimeusikia Moshi, nimeusikia hata ndani ya treni kwa mtu ambaye wakati huohuo alikuwa anatafuna karanga zangu. Kila mara nilinuna. Nilinuna kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuiandika kweli hiyo kwa mkono wangu na kuipiga mhuri.

Nilikuwa karani wa Klabu pale Same, enzi za Mwingereza, miaka michache baada ya vijana wetu kurudi kutoka vitani. Ukisikia klabu usifikiri majani yaliyokatwa vizuri na wazungu wanakunywa chai. Yetu lilikuwa banda refu karibu na reli, Mjerumani alilijenga la kuwekea mizigo. Mwingereza alipolirithi akalipaka chokaa, akamwaga sakafu ya saruji, akatuambia haya, wenyeji, nyumba yenu ya starehe hii. Pembeni ukalimwa uwanja wa mpira. Jumamosi dansi, Jumapili mpira baada ya ibada, na mara mojamoja gari la sinema la serikali lilikuja kutuonyesha namna ya kuchimba choo.

Nilipoajiriwa mimi Klabu ilikuwa imechoka, haki ya Mungu. Mabati yalikuwa yameliwa na kutu, na upepo wa Same, asiyeujua aulize, uliyapigapiga kwa kelele hata gramafoni isisikike. Watu walicheza kwa kufuata bati. Upepo ukipamba moto walirukaruka, ukitulia walishikana viuno, na hapo wazee wa kanisa waliokuwa wakichungulia dirishani walianza kukohoa. Sakafu ilikuwa na ufa kutoka mlangoni hadi jukwaani, na msichana mwenye viatu vya kisigino ilimbidi auruke kila akizunguka. Wageni waliotoka Mwanga walidhani ndiyo mtindo mpya wa mjini, wakaenda kuruka hivyohivyo kwao kwenye sakafu nzima isiyo na ufa.

Uwanja nao ulikuwa kichekesho. Aliyecheza na upepo alifunga, aliyecheza dhidi ya upepo alifungwa, mapumziko yakifika wakabadilishana. Kwa hiyo nahodha aliyeshinda kura ya mwanzo alibebwa mabegani kabla mpira haujaguswa. Siku moja golikipa wetu alipiga mpira mrefu, ukapanda, ukasitasita hewani, ukarudi ukampita kichwani ukaingia wavuni. Wavu wenyewe haukuwepo, ila ndivyo tunavyosema. Milingoti nayo ilikuwa chakula cha mchwa, na ule mti wa juu ulifungwa kwa kamba za mkonge ambazo mbuzi walikuwa hawajaziona bado.

Mtu mmoja tu aliipenda Klabu kwa moyo wake wote, naye ni mtunzaji wake, mzee wa Mbaga aliyekuwa askari. Vita vilimpeleka Burma vikamrudisha na mguu mmoja mgumu usiokunjika. Alilala kwenye chumba cha stoo nyuma ya jukwaa. Mke na watoto walikuwa mlimani, alipanda kuwaona kila mwisho wa mwezi, lakini Ijumaa haikumkuta huko hata siku moja. Jumapili alichora mistari ya uwanja kwa majivu, upepo ukaifuta, naye akaingia na debe lake katikati ya mchezo kuichora tena, akiruka na ule mguu, wachezaji wakimkwepa na watazamaji wakimshangilia kuliko wanavyoishangilia timu. Nilipomwuliza kwa nini anajisumbua, alisema huko vitani aliwaona vijana wengi wakifa hawajacheza hata dansi moja, kwa hiyo wa hapa wacheze. Nikamwona mzee wa akili fupi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na soksi ndefu.

Basi siku moja Bwana Shauri akaniita. Hivyo ndivyo tulivyomwita yule mzungu mkubwa wa wilaya, cheo na jina vyote pamoja. Akaniambia mabati mapya yameshushwa stesheni, na yanatosha jengo moja tu. Yangeweza kwenda Klabu, yangeweza kwenda jela. Yeye angependa Klabu, lakini hatamwezekea mtu nyumba asiyoitaka, kwa hiyo wananchi waje waseme wanataka itengenezweje. Wakikubaliana kabla ya masika, mabati yao. Wakishindwa, yanakwenda jela, na Klabu inafungwa kabla haijamwangukia mtu.

"Andika tangazo," akasema kwa Kiswahili chake cha kuazima. "Mimi nataka shauri ya watu."

Nikaandika. Nilikuwa na mwandiko mzuri mno, mwandiko wa misheni, na nilikuwa nikiuangalia kama msichana anavyojiangalia kwenye kioo. KILA MWENYE SHAURI JUU YA KLABU AJE BARAZANI JUMATANO, ATASIKILIZWA. Mzee mtunzaji hakujua kusoma, kwa hiyo nikamsomea kwa sauti ili naye afaidi.

Akakuna kidevu. "Karani, mwanangu, hilo neno silipendi. Kwetu huku ukiita shauri, watu watavaa makoti. Andika maoni."

Kwa asiyejua: Mpare wa siku zile alikuwa na koti moja, zito, la jeshini au la misheni, na alilivaa kwa mambo mawili, harusi na kesi. Mzee alikuwa ananipa akili ya bure. Mimi nikamjibu, "Mzee, wewe ulisoma shule gani?"

Akacheka. "Shule ya kuchimba mahandaki," akasema, akachukua uji wa kubandikia akaenda kulibandika tangazo langu mlangoni.

Jumatano asubuhi nilisimama barazani na kalamu mbili na daftari jipya lenye kichwa cha habari MAONI YA WANANCHI. Jua la Same lilikuwa linachoma kama kawaida yake. Nikatazama njia inayoteremka kutoka mlimani nikaona watu wanakuja, wengi, nikafurahi. Halafu wakakaribia. Lo! Makoti. Makoti matupu, mistari kwa mistari, majasho yakiwatiririka, na nyuma ya kila koti mashahidi wawili watatu na mama mmoja wa kubeba chakula cha mashahidi.

Hakimu wa baraza alikuwa amealikwa akae tu, apambe mkutano. Alikuwa mtu wetu, na alipenda kesi kama wengine wanavyopenda pombe ya dengelua. Alipoyaona makoti uso ukamnawiri, akamtuma tarishi akalete kitabu cha mashauri.

Wa kwanza alikuwa mzee aliyedai boriti kubwa ya paa. Baba yake, alisema, alilazimishwa na Mjerumani kuibeba kutoka msituni bila hata kupewa asante, kwa hiyo boriti ni ya ukoo wao na wanaitaka leo. Wa pili alikuwa mshambuliaji wa zamani, tayari ana kipara. Miaka mitatu nyuma alipiga shuti siku ambayo mti wa juu wa goli ulikuwa umeanguka kwa mchwa. Mpira ulipita pale ambapo mti ungekuwepo kama ungekuwepo. Je, ulipita chini yake au juu yake? Alileta mashahidi sita, wapinzani nao saba, na mmoja wao alikuwa kipofu ambaye aliapa kwamba alisikia umepita juu. Wa tatu alikuwa mama mmoja mwenye hasira halali kabisa, mumewe alimpata mke wa pili kwenye dansi.

"Unamshitaki mumeo?" Hakimu akauliza.

"Mume nimemsamehe, hana akili. Naishitaki nyumba."

Mnacheka? Iliandikwa. Mimi ndiye niliyeiandika, *Mama fulani dhidi ya Klabu*, na namba yake.

Tungeweza kucheka wote tukarudi nyumbani, isipokuwa Hakimu alikuwa mtu wa utaratibu. Akasema kesi bila vielelezo ni masimulizi ya jikoni. Kila mwenye shauri alete kielelezo, na mpaka hukumu itolewe fundi yeyote asiiguse Klabu, kwa sababu ni mali iliyo mbele ya baraza. Basi wakaanza. Mwenye boriti akaja na wajukuu wake wakaiteremsha boriti. Wa goli wakang'oa milingoti yote minne, kila upande miwili, ili ipimwe. Mama yule akachukua benchi ambalo mumewe alilikalia. Wazee wa kanisa, wenye kesi yao ya kushikana viuno, wakatwaa gramafoni wasije wakaambiwa wanasema uongo. Mtu mmoja ambaye mpaka leo sijui alimshitaki nani alikuja na toroli akaondoka na mlango. Stoo ya baraza ikajaa. Ukiingia humo ungedhani ndiyo Klabu yenyewe, imekunjwa tu.

Mzee mtunzaji alizunguka na ufagio wake akifagia sakafu isiyo na mlango. Hakunilaumu. Kila jioni alinikuta nje ya ofisi akaniuliza swali moja tu, "Karani, mawingu umeyaonaje?" Maana masika yalikuwa yanakaribia, mabati yalikuwa bado stesheni, na wote wawili tulijua yanasubiri nini. Mimi nilijibu kwamba kuna muda. Sikumtazama usoni nikisema hivyo.

Mwishowe Hakimu mwenyewe akaelemewa. Kesi zilikuwa zimezaana, mashahidi wa kesi hii wameshitakiana katika kesi ile, na Bwana Shauri alikuwa anaulizia. Siku hiyo mzungu alikuja akaketi nyuma, kofia magotini. Hakimu akaniita mbele, akanishikisha Biblia.

"Karani," akasema, "chanzo cha yote haya ni neno lako moja. Nakuuliza mbele ya Mungu, ulipoandika shauri ulikusudia nini? Kama ulikusudia maoni, basi watu walikuja hapa kwa kosa la karani. Nayafuta mashauri yote leo hii, vitu virudi, mabati yapigwe kesho. Kama ulikusudia mashitaka, tunaendelea moja baada ya jingine hadi mwisho."

Hebu fikirini. Neno moja tu, *nilikosea*, na Klabu imepona. Mtoto mdogo angelisema. Lakini nilimwona Bwana Shauri pale nyuma, na nikamkumbuka karani aliyenitangulia, aliyefukuzwa kazi siku hiyohiyo kwa kumwandikia mkubwa wa reli barua na kumwita marehemu akidhani ni cheo. Nikamwona moyoni mama yangu, mjane, ambaye alikuwa ameutangazia mlima mzima kwamba mwanawe anaandika na hakosei. Nikayaona makoti yote yananitazama mimi, mwenye soksi ndefu, msomi. Nikaona haya. Haya ya kijinga kabisa, haya ya mtu wa miaka ishirini na mbili.

"Nilikusudia mashitaka, Bwana Hakimu," nikasema. "Serikali ilitaka kusikia malalamiko."

Bwana Shauri akainua nyusi. Alijua alichonituma, lakini nadhani Kiswahili chake mwenyewe kilimtia mashaka, akaigeuzageuza kofia yake. Hakimu hakuridhika. Akauliza kama alikuwepo mtu mwingine tangazo likiandikwa. Watu wakageuka wote kumtazama mtunzaji.

Akaja mbele taratibu na mguu wake. Hakutakiwa kufanya lolote ila kusema kweli, na kweli ingemrudishia paa lake, uwanja wake, Jumapili zake, chumba chake cha stoo. Mimi ndiye ningepanda mlima na kisanduku kichwani. Akanitazama kwa muda, wala si kwa hasira, kama anavyotazamwa mtoto aliyevunja chungu akasema ni paka. Nilijua amemwona mama yangu pia, maana alimfahamu.

"Mimi sijui kusoma, Bwana Hakimu," akasema. "Nilibandika tu."

Kesi zikaendelea. Masika yakaja, na kabla ya mvua ukaja upepo wake, ukakuta paa halina boriti yake. Ukalikunja asubuhi moja watu wakiwa sokoni, tukasikia mlio mmoja mrefu, halafu kimya. Mabati mengine yaliokotwa njia ya kwenda Makanya. Mvua ikamalizia kuta. Yale mabati mapya yakaenda jela, na jela ile ikawa ndiyo nyumba nzuri kuliko zote Same, kavu, haina mlio, hata waliofungwa waliisifu. Uwanja ukaota miiba, mbuzi wakauchukua. Vijana wetu wakitaka dansi walipanda treni kwenda kwenye miji ya watu wengine, na wakishindwa nauli walikaa vibarazani wakitemea mate vumbi. Kesi ya goli ilikatiwa rufaa mara mbili. Mpaka naondoka wilayani haikuwa imeamuliwa kama mpira ulipita juu au chini.

Na mimi? Mimi nilipandishwa cheo. Hakimu alisema karani anayeweza kuandika kesi zote zile bila kuchafua ukurasa hapaswi kupotea kwenye mambo ya ngoma. Nikawa karani wa baraza, nikanunua viatu vipya, mama akachinja. Mzee hakuwa na kitu cha kutunza tena. Alifunga debe lake na blanketi lake akapanda mlimani, wala hakuniaga, au labda alikuja nikawa nimejifungia ofisini, maana nilijifungia sana siku zile.

Ilipita karibu mwaka ndipo nikapata ujasiri. Nilipanda Mbaga na sukari na majani ya chai, nikijifunza njiani maneno ya kusema. Nilikuwa nimeamua. Nitamwangukia mzee miguuni, nitamwambia nisamehe, na nitawaambia na watu wake kwamba mimi ndiye niliyeiua Klabu kwa uongo nilioapia.

Nikamkuta amekaa na shemeji zake na majirani watatu, mkewe amepakua makande. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, karani, karibu, umefika wakati mzuri." Wakanisogezea kigoda, wakanipa sahani. Sikuwa nimemeza hata tonge la kwanza, shemeji yake mkubwa, mtu mwenye sauti ya pembe, akaanza.

"Karani, afadhali umekuja. Mwambie huyu mzee wako! Si ndiye aliyeua Klabu? Mwenyewe kakiri hapahapa. Wewe ulitaka kuandika maoni, yeye akakung'ang'aniza uandike shauri!"

Wakacheka wote. Nikamtazama mzee. Naye alikuwa anacheka, anatazama sahani yake.

"Kiswahili cha Burma hicho," akasema.

"Siku hizi kwenye vikao hatumpi nafasi," jirani mmoja akaongeza, anajifuta machozi ya kicheko. "Akisimama tu tunamwambia keti, mzee, usije ukatuletea shauri. Juzi tumeitana msaragambo, kazi ya kijiji kizima, kutengeneza mfereji, alikuwa na wazo lake, nani amsikilize? Mtu aliyeangusha Klabu nzima kwa neno moja!"

Mkewe hakucheka. Aliweka mwiko chini akanitazama. "Ni kweli, baba?" akaniuliza, kwa heshima, kama anavyoulizwa mtu aliyesoma. "Huyu mume wangu ndiye aliyekuambia hivyo?"

Wakaacha kula wanisikilize. Mzee aliendelea kutazama sahani yake. Maneno yangu yote niliyojifunza njiani yalikuwepo, yamejipanga, hakuna hata moja lililopotea. Nikafungua mdomo.

Nikaomba chumvi.

Mzee akainuka mwenyewe, akaenda kuniletea.